Sukari ya asubuhi, glukosi ya kunywa au kipimo cha miezi mitatu: uchague kipi kujua kama una kisukari?

Umeambiwa ukapime kisukari. Ukifika dirisha la maabara unaulizwa: kipi? Cha asubuhi kabla hujala, cha kunywa glukosi, au HbA1c, ambacho wengi wetu tunakijua kama kipimo cha miezi mitatu? Bei zinapishana mno, na watu wengi huamua kwa bei hiyohiyo. Mwenye nacho anachukua cha ghali akiamini ndicho chenye ukweli zaidi. Asiye nacho anatobolewa kidole, kisha anarudi nyumbani na nusu ya wasiwasi aliokuja nao.

Vipimo hivi vitatu vyote vinatambuliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, na vyote vimefanyiwa utafiti wa miaka mingi. Lakini havipimi kitu kimoja, wala havimnasi mtu yuleyule. Tena kile cha ghali kina udhaifu unaotuhusu sana sisi wa ukanda huu, kwa sababu ya damu tulizorithi na maradhi tunayoishi nayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize kwanza habari za damu yako.

Tahadhari moja mapema. Mtu mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa mara kwa mara na kupungua uzito bila sababu, makala hii haimhusu. Huyo apimwe sukari saa hiyohiyo, awe amekula au hajala. Ikifika milimoli 11.1 kwa lita au zaidi pamoja na dalili hizo, jibu limepatikana. Na akiwa mtoto au kijana anayetapika, anayepumua kwa kasi na kuzidi kulegea, msisubiri kesho asubuhi mkapime kabla hajala. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Nani hasa anahitaji kupimwa

Miaka ya 1980 timu ya watafiti Donald McLarty na Andrew Swai iliwapima kwa glukosi ya kunywa maelfu ya watu wazima katika vijiji 6 vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Miaka kama kumi baadaye, watafiti walilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari huko Hai, Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha wanaume wenye kisukari Ilala ni asilimia 5.9, Shari asilimia 1.7, kwa wanawake ni 5.7 dhidi ya 1.1. Tofauti hiyo ilihusishwa na unene, kutofanya kazi za mwili na maisha ya mjini kwa ujumla. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Umri wa waliopimwa na namna ya kupima havikuwa sawa katika tafiti hizi, kwa hiyo usizipange namba kama ngazi ukadai kisukari kimepanda mara kumi. Mwelekeo, hata hivyo, haufichiki.

Sababu za hatari zinazokupeleka maabara hata kama hujisikii kuumwa ndizo hizo: kitambi, kazi ya kukaa, mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, shinikizo la damu, kisukari kilichowahi kukupata ukiwa mjamzito, na umri. Marekani wanashauri kila mtu aanze kupimwa akifika miaka 35. Usijidanganye kwa wembamba. Utafiti uliofanyika Mwanza umeonyesha kwamba huku kwetu watu wengi hupata kisukari kwa sababu kongosho linatoa kidogo insulini, homoni inayodhibiti sukari, si kwa sababu ya unene.

Vigezo vya ulinganisho

Kila kipimo nitakiuliza maswali matano yaleyale: kinapima nini hasa, kinakutaka ujiandae vipi, nini kinaweza kukipotosha, kinapatikana wapi na kwa gharama ya namna gani, na kinamfaa nani. Swali la tatu ndilo nitakalokaa nalo zaidi, maana ndilo ambalo hakuna anayekuuliza pale dirishani.

Kuna jambo la kujua kuhusu mipaka yenyewe. Namba 7.0 ya asubuhi haikushuka kutoka mbinguni. Zamani mpaka ulikuwa 7.8. Watafiti wakaangalia macho ya watu wa kabila la Pima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, ya Wamisri, na ya Wamarekani waliochunguzwa kitaifa, wakitafuta ni kiwango gani cha sukari ambapo mishipa midogo ya nyuma ya jicho huanza kuharibika kwa wingi. Mwaka 1997 chama cha kisukari cha Marekani kikashusha mpaka hadi 7.0, na WHO ikafuata mwaka 1999. Maana yake, mpaka wa kisukari umewekwa pale madhara yanapoanza kuonekana. Mwenye 6.9 hajavuka salama, amesimama ukingoni.

## Sukari ya asubuhi kabla ya kula

Kinapima nini. Sukari iliyopo kwenye damu wakati huo, baada ya mwili kukaa usiku mzima bila chakula. Kinaonyesha zaidi jinsi ini na insulini vinavyoelewana ukiwa umepumzika. Milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ni kisukari. Kwa WHO, kati ya 6.1 na 6.9 ni dalili kwamba uko njiani kupata kisukari. Wamarekani huanza kuhesabu eneo hilo tangu 5.6.

Maandalizi. Usile kwa muda usiopungua saa 8. Maji tu ndiyo yanaruhusiwa. Chai ya rangi "bila sukari" haimo, kahawa chungu haimo, na anayekesha na miraa akishushia jojo na soda asije asubuhi akasema hajala.

Kinachoweza kukipotosha. Hapa watu hudhani hakuna neno, kumbe yapo mengi. La kwanza ni safari ya damu. Chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, na kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa kama damu haijatenganishwa. Damu iliyotolewa zahanati saa mbili asubuhi ikapanda bodaboda hadi maabara ya wilaya, ikapimwa saa sita, inaweza kumtangaza mzima mtu mgonjwa. Chupa ya kifuniko cha kijivu ina dawa ya kuzuia hilo, ila haifanyi kazi papo hapo; barafu na haraka bado vinahitajika. Uliza swali moja tu: damu yangu inapimwa hapahapa au inasafirishwa?

La pili ni saa ya kupima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watu waliopimwa mchana, ingawa nao hawakuwa wamekula, walionekana kuwa na kisukari kwa kiasi cha nusu tu ya waliopimwa asubuhi. Hili linamgusa moja kwa moja anayetaka kutumia Ramadhani kama nafasi ya kupima bila usumbufu. Ukila daku saa kumi na nusu alfajiri, saa 8 zinatimia mchana, na mpaka wa 7.0 uliwekwa kwa damu za asubuhi. Jibu zuri la mchana wa Ramadhani lisikupe usingizi mnono. Jibu baya, hilo lichukue kwa uzito wake.

La tatu ni dawa na maradhi ya muda. Malaria kali, nimonia, upasuaji wa karibuni, vidonge vya prednisolone, vyote huweza kupandisha sukari. TB nayo huipandisha, na wakati mwingine hushuka yenyewe matibabu yakiendelea, ndiyo maana mgonjwa wa TB hupimwa tena akimaliza dozi.

Kisha kuna glukomita, ile mashine ya kidole. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu itofautiane na maabara kwa asilimia 15 juu au chini. Kwa mtu mwenye 15 hilo si kitu, bado ni mgonjwa. Kwa mtu mwenye 6.8, asilimia 15 ndiyo yote. Stripu zilizoachwa wazi kwenye joto hudanganya, na kidole kilichotoka kumenya embe hudanganya zaidi. Nawa kwa maji na sabuni, ukauke, ndipo utobolewe. WHO inakubali mashine hiyo itumike hata kugundua ugonjwa pale ambapo maabara haipo, na huo ndio ukweli wa zahanati nyingi. Penye maabara, damu ya mshipa ndiyo ya kuaminiwa.

Upatikanaji na gharama. Ndicho kipimo rahisi kuliko vyote. Kipo hadi zahanati, na kwenye mabanda ya upimaji ya Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, mara nyingi hutolewa bure.

Kinamfaa nani. Mtu wa kawaida anayetaka kuanza mahali fulani, anayeweza kulala na njaa, na anayeishi karibu na maabara. Kinamfaa pia mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), upungufu wa damu au VVU, kwa sababu nitakazozieleza kwenye kipimo cha tatu.

## Glukosi ya kunywa

Kinapima nini. Uwezo wa mwili kuushughulikia mzigo wa sukari. Unapimwa kabla ya kula, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye glasi ya maji ndani ya dakika 5, unakaa, unapimwa tena baada ya saa 2. Ikifika 11.1 ni kisukari. Kati ya 7.8 na 11.0, mwili umeanza kushindwa.

Utafiti uliounganisha takwimu za nchi kadhaa za Ulaya mwaka 1998 uliwachukua watu 1,517 waliogunduliwa kuwa na kisukari. Asilimia 40 walinaswa na sukari ya asubuhi peke yake, asilimia 31 na ya saa 2 peke yake, na walionaswa na vyote viwili walikuwa asilimia 28 tu. Mwaka uliofuata kundi hilohilo la watafiti likaonyesha kwamba sukari ya saa 2 inabashiri hatari ya kufa vizuri zaidi kuliko ya asubuhi. Ukitaka kujua kwa nini wataalamu bado wanang'ang'ania kipimo kinachochosha hivi, sababu ni hiyo: kuna watu ambao asubuhi sukari yao inakaa vizuri, na ni baada ya chakula tu ndipo inapofumuka.

Maandalizi. Mazito kuliko ya vipimo vingine. Usile usiku, na kabla ya hapo uwe umekula wanga wako wa kawaida kwa siku 3: ugali, wali, ndizi, unavyokula siku zote. Wapo wanaojinyima ugali wiki nzima ili "wafaulu". Kinyume chake ndicho kinachotokea: mwili uliozoeshwa wanga kidogo hushtuka ukipewa glukosi nyingi kwa mkupuo, na sukari hupanda kuliko ambavyo ingepanda. Ukishakunywa, usitoke kwenda kutembea sokoni wala kuvuta sigara. Kaa kwenye benchi saa 2 zote.

Kinachoweza kukipotosha. Kutapika, kwanza kabisa. Ukitapika kipimo kimekufa, unarudi siku nyingine. Yote yaliyosemwa juu ya damu kusafirishwa, saa ya mchana na maradhi ya muda yanakihusu pia. Tena hakitoi jibu lilelile kila siku: mtu huyohuyo akirudia wiki inayofuata anaweza kupata namba tofauti kabisa. Ni kipimo makini chenye mkono unaotetemeka.

Upatikanaji na gharama. Glukosi yenyewe ni rahisi. Gharama iko kwenye muda, maana ni nusu siku ya kazi, nauli, na mtaalamu wa maabara ambaye lazima akutoe damu zaidi ya mara moja kwa saa zilizopangwa. Kituo chenye foleni ndefu hukikwepa, na siwezi kuwalaumu.

Kinamfaa nani. Wa kwanza ni mjamzito, kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28. Hapa mipaka ni mingine na ni ya chini zaidi: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, 8.5 baada ya saa 2, na kufikia mmoja tu kunatosha. Mipaka hiyo ilitokana na utafiti wa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, uliochapishwa mwaka 2008, ulioonyesha kwamba kadiri sukari ya mama inavyopanda ndivyo watoto wanavyozaliwa wakubwa kupita kiasi na upasuaji unavyoongezeka, hata pale ambapo mama hafikii kiwango cha kuitwa mgonjwa wa kisukari cha kawaida. WHO iliichukua mipaka hiyo mwaka 2013. Wengine ni wale wenye hatari kubwa ambao sukari yao ya asubuhi inazungukazunguka kwenye 6 na nukta, na wale ambao majibu yao ya vipimo vingine yanagongana.

## HbA1c, kipimo cha miezi mitatu

Kinapima nini. Sukari ya damu hujinata kwenye hemoglobini, ile rangi nyekundu ya chembe za damu, na ikishanata haibanduki hadi chembe ife. Chembe nyekundu huishi kama siku 120. Kwa hiyo kiasi cha hemoglobini iliyonatwa kinaeleza wastani wa sukari kwa wiki 8 hadi 12 zilizopita, ingawa mwezi wa mwisho una uzito mkubwa kuliko iliyotangulia. Asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari. Uingereza wameacha asilimia, wao huandika 48. Ukiletewa karatasi ya ndugu wa London yenye 48, usipige kelele, ni 6.5 hiyohiyo.

Jambo hili lilivumbuliwa miaka ya 1960 na Samuel Rahbar, daktari wa Tehran, aliyekuwa akichunguza damu kutafuta hemoglobini zisizo za kawaida. Kwa miaka mingi HbA1c ilitumika kumfuatilia mgonjwa anayejulikana tayari. WHO ilikubali itumike kugundua ugonjwa mwaka 2011 tu, tena kwa masharti: mashine iwe imethibitishwa kwa viwango vya kimataifa, na mgonjwa asiwe na hali inayovuruga chembe zake nyekundu. Sharti la pili ndilo linalosahaulika.

Maandalizi. Hakuna. Umekula pilau, umekunywa soda, njoo saa yoyote. Na damu yenyewe ni mvumilivu: ikiwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau na friji, inakaa siku kadhaa bila kuharibika. Kwa zahanati inayotuma sampuli mbali, hili ni jambo kubwa, na kwa kigezo hiki HbA1c inavipita vingine vyote.

Kinachoweza kukipotosha. Fikiria mabasi mawili ya mikoani yanayopita barabara moja ya vumbi. Moja linaoshwa kila wiki, jingine halioshwi mwezi mzima. Ukitaka kujua barabara ina vumbi kiasi gani kwa kuangalia mabasi, utadanganyika, kwa sababu unachokiona ni vumbi pamoja na muda. Chembe nyekundu ni hivyohivyo. Chochote kinachozifanya zife mapema kinashusha HbA1c kwa uongo, na kinachozifanya zikae muda mrefu kinaipandisha kwa uongo.

Sasa hesabu vinavyoziua mapema katika nchi zetu. Selimundu yenyewe, ambapo kipimo hiki hakifai kabisa. Malaria inayopasua chembe. Kuongezewa damu karibuni. Kutokwa damu nyingi. Ujauzito. Figo zilizofeli, hasa kwa anayesafishwa damu na kuchomwa sindano za kuongeza damu. Upande wa pili, upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma, ambao wanawake wengi wanao bila kujua, huipandisha, na mtu anaweza kuambiwa yuko njiani kupata kisukari kumbe anahitaji vidonge vya chuma.

Halafu kuna vinasaba vya kimyakimya. Mtu anayebeba nusu ya selimundu, aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, haumwi na pengine hajui. Tanzania wanakadiriwa kuwa kati ya asilimia 13 na 20 ya watu, wengi wakiwa maeneo ambako malaria imekaa muda mrefu. Ni humuhumu Afrika Mashariki ambako mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba ubebaji huo unakinga dhidi ya malaria. Mwaka 2017 utafiti wa Wamarekani weusi 4,620 ulionyesha kwamba kwa kiwango kilekile cha sukari, wabebaji walikuwa na HbA1c ya chini kwa takriban 0.3: wastani wa 5.72 dhidi ya 6.01. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kigeu cha kinasaba cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, kilichoenea kwa watu wenye asili ya Afrika, kikishusha HbA1c kwa takriban 0.8 kwa wanaume wanaokibeba. Mwenye 6.5 halisi anasomeka 5.7. Anapewa mkono wa pongezi na kurudi nyumbani na kisukari chake.

Wanaoishi na VVU nao wamo. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi, zidovudine ikiwemo, hubadilisha chembe nyekundu na kuifanya HbA1c isome chini ya ukweli, na ushauri wa kitaalamu ni kumgundua mtu huyu kwa sukari ya damu yenyewe. Hili lina uzito zaidi tangu dolutegravir, dawa nyingine ya VVU, ienee: mwaka 2020 watafiti wa Kampala waliripoti wagonjwa 16, kati ya zaidi ya 3,400 waliohamishiwa kwenye dawa hiyo, waliopata sukari ya juu mno. Ni wachache, na si sababu ya mtu kuacha dawa. Ni sababu ya kupima sukari, tena kwa kipimo kinachomfaa.

Upatikanaji na gharama. Hospitali za rufaa, za mikoa na maabara binafsi za mijini. Ndicho ghali kuliko vyote vitatu. Zipo mashine ndogo za mezani zinazotoa jibu kwa dakika chache; zinafaa kumfuatilia mgonjwa, ila kwa kugundua ugonjwa uliza kama imethibitishwa.

Kinamfaa nani. Mtu mzima asiye mjamzito, asiye na tatizo la damu analolijua, anayefanya kazi za zamu au safari zisizomruhusu kufunga usiku, au anayeishi mbali na maabara. Kinamfaa pia anayetaka kuona wastani wa muda mrefu badala ya namba ya asubuhi moja. Kipimo kikubwa cha damu (FBP) kikifanywa pamoja nacho, jibu lake huaminika zaidi, kwa sababu upungufu wa damu ungeonekana hapohapo.

Vitu viwili havimo kwenye ulinganisho huu. Sukari kwenye mkojo huchelewa mno kuonekana, haifai kutegemewa. Na zile mashine za kushika kipande cha chuma mkononi zinazokutolea kurasa ishirini za maradhi, kisukari kikiwemo, hazipimi damu yako, na huwa zimewekwa jirani na meza ya kuuzia virutubisho.

## Kwa hali yako

Huna dalili, unataka tu kujua, na kituo kiko karibu: anza na sukari ya asubuhi, damu ya mshipa ikiwezekana. Ikiwa chini ya 5.6 na huna sababu nyingi za hatari, rudia baada ya miaka kama 3. Ikiwa kati ya 5.6 na 6.9, usiridhike na hiyo pekee. Ongeza glukosi ya kunywa, au HbA1c kama damu yako haina utata.

Wewe ni dereva wa masafa, mlinzi wa usiku, au muuguzi wa zamu, na "asubuhi kabla ya kula" haina maana kwenye ratiba yako: HbA1c, pamoja na kipimo kikubwa cha damu.

Ukoo wenu una selimundu, au umewahi kuambiwa una upungufu wa damu, au umeongezewa damu ndani ya miezi 3: okoa fedha yako. Sukari ya asubuhi, na ya kunywa ikihitajika. Na kama ulishapima HbA1c ikawa 6.1 au 6.2 ukatulia, mweleze daktari habari za ukoo.

Una mimba: glukosi ya kunywa, wiki ya 24 hadi 28. Ikiwa uliwahi kupata kisukari cha mimba, jifungue kisha upimwe tena kwa glukosi ya kunywa wiki 6 hadi 12 baadaye, hata kama mtoto mzima na wewe mzima.

Unaishi na VVU, au uko kwenye dozi ya TB: sukari ya asubuhi kwenye kliniki unayohudhuria, na irudiwe. Umeshaanza dawa ya kisukari na daktari anataka kujua inafanya kazi kiasi gani: hapo HbA1c ndiyo yenyewe, na namba zake zilinganishwe na zako za nyuma. Kwa mwenye damu yenye utata, daftari la sukari za nyumbani litachukua nafasi hiyo.

Huna dalili na jibu moja limevuka mpaka: hujawa mgonjwa bado kwenye karatasi. Kipimo kirudiwe siku nyingine, au kipimo cha pili kifanywe kwa damu ileile. Vyote viwili vikivuka, ndiyo. Kimoja kikivuka na kingine kisivuke, kinachorudiwa ni kile kilichovuka. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kitakachokuambia ni kisukari cha aina ya kwanza au ya pili. Hilo ni swali la pili, lina vipimo vyake.

Na ukihamia nchi nyingine au ukitibiwa safarini, beba karatasi yenyewe. Marekani wanaandika miligramu kwa desilita, ambayo ni milimoli zetu mara 18: 7.0 ya huku ni 126 ya kule. Hakikisha karatasi inataja aina ya kipimo, tarehe, saa ya kutolewa damu, kama ulikuwa umekula, na kama damu ilitoka kidoleni au kwenye mshipa.